Gemu ni moja, kiu ni mbalimbali



Wiki hii tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi. Jambo lenyewe ni gemu, yaani ile michezo ya kompyuta inayochezwa vibandani kwenye runinga na majumbani kwenye simu za mkononi. Mzazi anarudi kutoka kazini, anamkuta mwanawe ameinamia simu, na neno la kwanza ni: achana na gemu, shika daftari. Mtoto ananuna, anaingia ndani. Kesho yake ugomvi ni ule ule.

Kasoro ya ugomvi huu ni kwamba pande zote mbili zinatumia neno moja kwa mambo mengi. Kusema "gemu" ni sawa na kusema "ngoma". Ipo ngoma ya harusi, ipo ya jando, ipo ya kumaliza mavuno, na ipo inayopigwa ili watu walie. Mtu akisema haipendi ngoma, hapana budi tumwulize: ngoma ipi? Hali kadhalika kwa gemu. Ipo ya mpira, ipo ya vita, ipo ya mbio za magari. Lakini zipo pia aina tatu ambazo hapa kwetu hazizungumzwi sana, na ndizo ninazotaka tuzitazame leo. Nitaziita gemu za safari, gemu za ufundi, na gemu za hadithi.

Kabla ya kuzichambua, tujue kwanza kwamba wachezaji wenyewe hawafanani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza gemu iliyokuwa ya maandishi matupu, bila picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba au msitu, akaandika anataka kwenda upande gani, na wengine walikuwamo humo humo kwa wakati mmoja. Baada ya kuwatazama wachezaji kwa miaka mingi, Bartle aliandika makala mwaka 1996 akawagawa katika mafungu manne. Wapo wanaotaka kushinda na kukusanya alama. Wapo wanaotaka kujua kila pembe ya ulimwengu ule. Wapo waliokuja kuzungumza na wenzao tu, gemu kwao ni kisingizio. Na wapo wanaofurahia kuwasumbua na kuwaangusha wengine.

Wengine wameukosoa mgawanyo huo na kuuongezea, lakini hoja yake kuu imebaki: watu wanne wanaweza kukaa mbele ya gemu moja, kila mmoja akawa anacheza gemu yake. Ndiyo maana mmoja atasema gemu ile ni tamu kama halua, na mwenzake aseme imemchosha dakika ya kumi. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameingia na kiu yake, na kiu hazifanani.

Tuanze na gemu za safari. Humu mchezaji hupewa nchi kubwa na kuambiwa aizunguke. Ramani huanza ikiwa giza, na kila anapofika panafunguka. Mwaka 2016 kampuni ya Hello Games ya Uingereza ilitoa gemu iitwayo No Man's Sky. Ndani yake hesabu za kompyuta huzalisha sayari nyingi mno, idadi yake ukiiandika inafika tarakimu 20. Hakuna binadamu atakayezimaliza hata akiishi umri wa mibuyu.

Ilipotoka, wachezaji waligawanyika. Wengine walilalamika kwa hasira kwamba waliyoahidiwa hawakuyaona, na kwamba sayari moja haina tofauti kubwa na nyingine. Wengine walifurahi kutembea tu peke yao, kutazama jua la kijani likizama, kumpa jina mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wenye gemu hawakuitupa. Kwa miaka iliyofuata waliendelea kuongeza mambo bila kutoza fedha zaidi, na wengi waliokuwa wamesusa wakarudi. Lakini hata leo mtu asiye na kiu ya kutembea hatapata kitu humo, kama vile asiyependa bahari ukimpandisha mashua kwenda Msimbati ataona maji tu.

Hapa sisi watu wa pwani ya kusini tuna neno la kuongeza. Ile habari ya ramani yenye giza inayofunguka mgeni anapofika, sisi tunaijua toka zamani. Machi mwaka 1866 David Livingstone aliteremka katika ghuba ya Mikindani, akaanza safari yake ya mwisho ya bara kwa kuelekea bonde la Ruvuma. Miaka mitano nyuma alikuwa amejaribu kuupanda mto huo kwa meli. Kwa wasomaji wa London, nchi hii ilikuwa giza na yeye ndiye aliyeifungua. Kwa watu wa Mikindani, palikuwa na mji, bandari, biashara na njia za misafara kabla hajazaliwa, na aliongozwa na kubebewa mizigo na watu waliokuwa na njia hizo vichwani.

Kijana anayecheza gemu ya safari na ajiulize swali hilo: hapa ninapopaita papya, ni papya kwa nani? Zipo gemu zinazolijali swali hilo, kila kijiji unachofika kina watu wenye habari zao. Na zipo ambazo nchi haina mwenyewe, kazi yako ni kufika, kuchukua, na kwenda mbele. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto akiizoea, ataanza kuiona hata katika vitabu vya historia.

Tena kuna kichekesho chenye uchungu kidogo. Katika gemu ya Civilization VI, ambamo mchezaji hujenga dola yake tangu enzi za mawe, kulitolewa nyongeza mwezi Februari 2018. Miongoni mwa maajabu ya dunia yaliyomo katika nyongeza ile ni Kilwa Kisiwani. Naam, Kilwa hii hii ya jirani zetu wa Lindi, ambayo magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Mchezaji akiijenga, uhusiano wake na miji midogo ya biashara hustawi, jambo ambalo kwa kweli linakaribia historia. Zanzibar nayo imo katika gemu hiyo, na ndiyo inayotoa karafuu na mdalasini. Basi yuko kijana wa Toronto au Seoul aliyeijenga Kilwa mara kumi mbele ya skrini, na yuko kijana wa Mtwara, mwendo wa saa chache kwa basi, ambaye hajaiona si kwa macho wala kwa gemu.

Sasa twende kwenye aina ya pili, gemu za ufundi. Iliyo maarufu kuliko zote ni Minecraft, iliyoanzishwa na Markus Persson wa Sweden, ikaanza kuonekana hadharani mwaka 2009 na kutolewa rasmi mwaka 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 zilikwisha kuuzwa.

Kwa asiyeijua, nieleze inavyokwenda. Mchezaji hujikuta porini mikono mitupu, na hakuna anayemwambia la kufanya. Kila kitu ni tofali: udongo ni matofali, mti ni matofali, maji na mawe hali kadhalika. Siku nzima, mchana na usiku, huchukua dakika 20 za saa yetu, na usiku ukiingia madude hutoka kumwinda. Basi anakata mti. Gogo moja anapata mbao nne. Mbao nne anatengeneza meza ya ufundi. Juu ya meza ile, mbao tatu na vijiti viwili vinampa sururu ya mti. Sururu ya mti inavunja jiwe, lakini haitoi chuma. Atengeneze sururu ya jiwe, ndipo apate chuma. Chuma hakitumiki kibichi, lazima ajenge tanuri la mawe na atafute kuni au makaa ayeyushe. Na almasi haigusiki bila sururu ya chuma.

Mafundi wetu wa mashua wa Mikindani wakisikia maelezo haya watatabasamu, kwa sababu huo ndio utaratibu wa kazi yoyote ya mikono. Huwezi kutoboa bila keekee, huwezi kuchonga bila tezo, na tezo yenyewe ilipita kwa mhunzi. Chombo huzaa chombo. Mchonga vinyago wa Kimakonde naye anajua kwamba mpingo hauchongwi kwa pupa, na kwamba umbo unaloliona ndani ya gogo halitoki kwa patasi moja. Gemu ya namna hii inamfundisha mtoto mfululizo wa sababu na matokeo bila kumhubiria.

Lakini si kila mtoto ataifurahia, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea wanapofananisha watoto. Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa nyumba moja pale Magomeni, wote mmewapa Minecraft. Wa kwanza atajenga nyumba, kisha msikiti wenye minara miwili, kisha bandari, wala hatatoka kilomita moja kutoka alipoanzia. Wa pili hatajenga hata kibanda. Atachimba na kutembea, atalala chini ya miti, atarudi kusimulia mapango aliyoyaona. Wa tatu atacheza siku mbili aulize: kisa chake ni nini, adui ni nani, mwisho wake wapi? Akiambiwa kwamba kisa akitunge mwenyewe, ataweka simu chini. Wa tatu huyo si mvivu wala hana akili ndogo. Kiu yake ni hadithi, nanyi mmempa tofali.

Kiu ya ufundi inaweza kutoka ndani ya skrini ikafika mtaani. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Nairobi, liliungana na wenye Minecraft katika mpango uitwao Block by Block. Wananchi, wakiwemo vijana ambao hawajapata kushika mchoro wa ramani, walikaa mbele ya kompyuta wakaijenga ndani ya gemu sehemu yao ya wazi kama wanavyoitaka iwe: hapa njia, hapa taa, hapa benchi, hapa choo. Kati ya kazi za mwanzo zilikuwamo za Nairobi kwenyewe, mathalani uwanja wa michezo wa Silanga kule Kibera, na bustani ya Jeevanjee. Faida yake ni nyepesi kueleweka. Mchoro wa mhandisi unasomwa na mhandisi. Tofali la gemu linasomwa na mama lishe.

Nasi huku kusini tunalo somo la zamani kuhusu kujenga bila kujaribu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mapori yakafyekwa, mitambo ikaletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, kabla udongo na mvua havijapimwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki kutufaa. Anayecheza gemu ya ufundi hubomoa na kuanza upya mara mia, na hasara yake ni dakika chache tu. Mazoea hayo ya kujaribu kidogo kwanza yangewafaa wakubwa wengi wanaopanga mambo kwenye meza.

Aina ya tatu ni gemu za hadithi. Humu mchezaji hasikilizi kisa kwa mbali, anakibeba yeye. Mhusika hatembei mpaka mchezaji amtembeze, na mlango haufunguki mpaka yeye aufungue. Kwa wenye kiu hiyo, ni utamu wa bibi na ngano zake, pale anaposema "Hadithi, hadithi!" na wajukuu wanaitikia. Tofauti ni kwamba wajukuu sasa wamo ndani.

Mfano ulio karibu nasi ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotolewa tarehe 23 Aprili 2024. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu wanaijua sauti yake kutokana na Bayek wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na gemu hii aliifanya iwe njia ya kuubeba msiba huo. Kisa chenyewe ni cha mganga kijana aitwaye Zau, ambaye amefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumwekea sharti: nikikuletea mizimu mitatu mikubwa iliyokukataa, nirudishie baba yangu. Wanasafiri pamoja, kijana na mauti, na mauti huyo hana sura ya kutisha, ni mzee mwenye subira anayefundisha. Zau huvaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, kila kimoja na nguvu zake. Akichoka moyo, hukaa chini ya mbuyu na kutafakari. Na mchezaji anaweza kuchagua wahusika waseme Kiswahili.

Watu wa Newala na Kitangari hawahitaji kufafanuliwa habari ya mtu kuvaa kinyago akawa si yule tena. Mapiko yetu yanalisema jambo hilo kwa vizazi. Anayecheza ndani ya lipiko si fulani wa fulani, na atakayemtaja jina amekosa adabu. Mtoto wa Kimakonde akimwona Zau akibadili kinyago, ameelewa nusu ya gemu bila kusoma maelezo.

Waliocheza Zau nao walitofautiana. Wapo waliosema kwamba mapigano yake yanajirudia na si magumu ya kutosha, na kwamba ni fupi, inaisha kwa saa chache. Wapo walioweka pedi chini mwishoni wakakaa kimya, kwa sababu na wao wamezika. Wa kwanza alikuja kushindana, wa pili alikuja kusikiliza. Inafaa tuongeze kwamba sifa hazikutosha kuilisha studio: mwaka huo huo wa 2024 ililazimika kupunguza wafanyakazi. Hadithi zetu zina soko, lakini soko hilo bado ni gumu.

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Ukiingia kwenye kibanda cha gemu hapa Mtwara utakuta nini? Utakuta mpira. Vijana wawili wameshika pedi, wengine sita wamesimama nyuma wanasubiri zamu na kuwatania. Sisemi hilo ni baya. Kile kibanda ni baraza, na gemu ya mpira inatimiza vizuri kiu mbili katika zile alizozitaja Bartle, ya kushinda na ya kukaa na wenzako. Swali langu ni hili: kwa nini ni hizo mbili tu? Je, vijana wetu hawana kiu ya safari, ufundi na hadithi?

La hasha. Sababu ziko tatu, na hakuna hata moja iliyo kichwani mwa kijana.

Ya kwanza ni bei, na namna inavyotozwa. Kibanda kinauza mechi au kinauza dakika. Mechi ya mpira ina mwanzo na mwisho, inaisha upesi, aliyeshindwa anampisha mwenzake, na mwenye kibanda anapata fedha yake. Gemu ya hadithi inataka saa 10, nyingine 30, nyingine 100. Nani atalipia dakika za kutembea porini na kutazama jua likizama? Zau ilipotoka iliuzwa karibu dola 20, ambazo kwa thamani ya fedha ya wakati ule zilizidi shilingi 50,000, nayo ni gemu ya bei ya chini katika jamii yake, mbali na bei ya mashine. Ndiyo maana nasema mfuko ndio unaomchagulia kijana gemu, kabla moyo wake haujasema.

Ya pili ni kumbukumbu. Gemu ndefu huchezwa kwa vituo. Unafika mahali, mashine inahifadhi ulipofikia, kesho unaendelea. Enzi za PlayStation 2 kulihitajika kadi ndogo ya kumbukumbu iliyonunuliwa peke yake, na ambako kadi hiyo haikuwapo, kila siku ilikuwa ni kuanza upya. Mashine za sasa zina kumbukumbu ndani, lakini kibandani mashine moja ina wenyewe arobaini. Uliyoyahifadhi jana, leo mwingine amefuta akaweka yake. Ni sawa na kusoma kitabu cha maktaba ambacho kila ukirudi kurasa ulizokwisha soma zimebandikwa upya. Nani atafika mwisho?

Ya tatu ni lugha. Gemu za hadithi zinaongea, na zinaongea sana, lakini kwa Kiingereza au Kijapani. Angalia Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo vijana wetu wengi wanaijua. Ukiwauliza watakwambia ni gemu ya kuiba magari na kukimbizana na polisi. Lakini kisa chake kinaanza na kijana anayerudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa, akakuta mtaa umeharibika na marafiki si wale. Wangapi wanakijua kisa hicho? Maneno yanapoanza, kidole kinabonyeza kuyaruka, kwa maana hayaeleweki. Filamu za kigeni zilipata wakalimani wake, mathalani Lufufu wa Dar es Salaam, waliozisimulia kwa Kiswahili mpaka bibi kizee akacheka na kulia. Gemu hazijapata Lufufu wake. Ajabu ni kwamba Kiswahili si kigeni huko: wimbo wa Baba Yetu, alioutunga Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, ndio muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011. Wameimba kwa lugha yetu, na sisi bado tunaruka maneno.

Natambua wapo watakaosema kwamba mtangazaji ametetea uvivu. Sivyo. Gemu, hata iwe nzuri namna gani, inakula muda, na muda wa mwanafunzi una mwenyewe. Tena baadhi si za watoto kabisa. San Andreas hiyo niliyoitaja iliwekewa alama ya watu wazima, na si haki mtoto wa darasa la tano kuwekwa mbele yake. Aidha tusichanganye gemu na yale mashine ya kutumbukiza sarafu, yanayoitwa bonanza au dubwi. Yale ni kamari, na sheria yetu inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuyacheza. Ukiona mtoto amesimama pale, usiseme anacheza gemu. Anachezewa yeye.

Tufanye nini basi? Kwa mzazi, kabla hujanyang'anya simu, kaa dakika tano uulize: humo ndani unafanya nini? Akikuonyesha nyumba aliyoijenga, umejua una fundi. Mpeleke akatazame mashua inavyoundwa. Akikusimulia mapango na visiwa, umejua una msafiri. Mpeleke Mikindani akauone mji wa kale, na siku mkijaliwa nauli, Kilwa. Akikueleza kisa cha mtu aliyefiwa na baba, umejua una msikilizaji wa hadithi. Mtafutie kitabu, na mkalishe na babu yake kabla babu hajaondoka. Akishindwa kabisa kukueleza anachofanya, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Kwa wenye vibanda, tengeni walau mashine moja na saa fulani, tuseme Jumamosi asubuhi, kwa gemu ndefu. Mwekeeni kila kijana hifadhi yake kwa jina lake, na waacheni wenzake wakae watazame kwa bei ndogo, kama tulivyokuwa tukitazama video. Hadithi moja ikifuatwa na watu kumi kwa wiki sita huleta wateja kumi kila Jumamosi, na hiyo nayo ni biashara.

Na kwa vijana mnaosomea kompyuta, itazameni nchi yenu. Mlango wa Ruvuma una mikoko, viboko, mpaka wa nchi mbili, wavuvi wanaozungumza lugha moja ng'ambo zote, na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Safari imo, ufundi umo, hadithi imo. Kilwa imejengwa ndani ya skrini na watu wa Marekani, na hatuwalaumu, waliisoma historia yetu kwa bidii. Lakini mwenye nyumba asiposimulia nyumba yake, mgeni ataisimulia kwa kadiri ya alivyoona kutoka barazani.

Mpenzi msikilizaji, waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tuzijue basi kiu za watoto wetu, tusije tukawazibia kisima na huku tukiwalaumu kwa kunywa maji ya dimbwi.